Adui Ni Maji: Kufufua Kempa Kuukuu kwa Safari za Majira ya Baridi

Kempa ya pikapu ni chumba kidogo chenye kuta, paa na sakafu yake, kinachopakiwa nyuma ya pikapu kama mzigo mwingine wowote. Haina magurudumu wala haivutwi kama karavani, hubebwa. Sehemu yake ya mbele hupita juu ya kabini ya dereva, na hapo ndipo panapowekwa kitanda. Chini hupangwa jiko la gesi la pleti mbili, sinki, meza yenye viti pande zote mbili, kabati na pengine friji ndogo. Mlango uko nyuma. Safari ikiisha, mwenye gari huinua kempa kwa jeki nne zilizo kwenye pembe zake, huitoa pikapu chini yake, na kesho yake gari linarudi kubeba mbao au saruji.

Biashara ya kempa hizi ilishika kasi Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wavuvi na wawindaji walikuwa tayari wakijijengea vibanda vya mbao nyuma ya magari yao, na mafundi wakaona soko. Barabara ya Alaska nayo, iliyojengwa na jeshi la Marekani mwaka 1942 kupitia Kanada na kufunguliwa kwa raia mwaka 1948, iliwapa watu mahali pa kwenda ambako nyumba za wageni zilikuwa chache. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Alaskan iliuza kempa ambayo nusu yake ya juu hushushwa gari linapokwenda na kuinuliwa kwa pampu ya haidroli linaposimama. Mwaka 1960 mwandishi John Steinbeck aliizunguka Marekani na mbwa wake ndani ya pikapu ya GMC yenye kempa, aliyoipa jina la Rocinante, farasi wa Don Quixote. Kitabu cha safari hiyo, Travels with Charley, kilitoka mwaka 1962, na gari lenyewe limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Salinas, California.

Kempa nyingi zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1960 na 1980 bado zipo Marekani na Kanada, zimeegeshwa nyuma ya nyumba na maghala ya mashambani, na huuzwa kwa bei ndogo ikilinganishwa na mpya. Kwa kuwa hazina injini wala ekseli, hazifi kwa wingi wa kilomita. Zinauawa na maji. Yakiingia kama mvua huozesha fremu. Yakizuka ndani kama mvuke hulowesha kuta. Yakiganda ndani ya bomba hulipasua. Yakiganda juu ya lami huliangusha gari. Kwa sababu hiyo, kuifufua kempa kuukuu na kuitumia vizuri wakati wa baridi ni kazi moja yenye hatua mbili.

Kukagua kabla ya kununua

Kempa nyingi za zamani zilijengwa kwa mtindo mmoja. Fremu ni ya vipande vyembamba vya mbao laini. Nje limepigwa bati jembamba la alumini. Ndani pamefunikwa kwa plaiwudi nyembamba. Na katikati pamejazwa sufi ya nyuzi za kioo ya kuzuia baridi. Ujenzi huu ni mwepesi na hautaki karakana kubwa kuurekebisha. Udhaifu wake ni kwamba kila dirisha, kila taa ya pembeni, kila tundu la hewa kwenye paa na kila skrubu ni mlango wa maji, na kinachoyazuia ni lakiri ya kuziba ambayo hukauka na kupasuka kadiri miaka inavyopita.

Mkaguzi mzoefu huanza kwa kunusa. Harufu ya kuvu katika chumba kilichofungwa ni ushahidi mzito kuliko maneno ya muuzaji. Kisha hunyanyua godoro la juu ya kabini na kubonyeza plaiwudi kwa kidole gumba, hasa chini ya dirisha la mbele na kwenye kona zake, kwa kuwa sehemu hiyo hupigwa na mvua na upepo kila gari linapokwenda. Hufungua kabati za juu kutafuta madoa ya kahawia kwenye dari. Hukanyaga sakafu karibu na mlango kuona kama inabonyea. Mwisho huchukua bisibisi na kuchoma mbao za pembeni kutokea chini: mbao nzima hugoma, iliyooza huimeza ncha. Rangi mpya ndani ya kempa kuukuu si dalili njema peke yake, maana rangi huficha madoa bila kukausha kilicho nyuma yake.

Kipimo cha unyevu, kile chenye pini mbili zinazochomekwa kwenye mbao, hutoa jibu la namba. Fangasi wanaoozesha mbao hawawezi kuendelea na kazi yao pale unyevu unapokuwa chini ya asilimia 20. Mbao zinazosoma 12 au 14 ni salama. Zinazosoma 25 au 30 zinaoza, hata kama kwa nje zinaonekana nzuri. Kuoza kidogo si sababu ya kukataa kununua. Sababu ya kukataa ni kuoza kulikofika kwenye sakafu na kwenye nguzo za pembe zinazoshikilia jeki, kwa sababu hapo uzito wote wa kempa hutegemea mbao hizo.

Kuifungua

Kwenye kila pembe ya nje, pale bati la ukuta linapokutana na la paa, kuna ukanda wa alumini wenye mfereji katikati, na ndani ya mfereji huo umelazwa utepe wa plastiki. Utepe ukivutwa, hujitokeza mstari mrefu wa skrubu, na skrubu hizo husimulia hali ya ukuta mzima kabla bati halijaguswa. Inayotoka ikiwa inang'aa ilikuwa kwenye mbao kavu. Inayotoka imeshika kutu, na vumbi la kahawia kwenye nyuzi zake, ilikuwa kwenye mbao iliyolowa. Ile inayozunguka bila kutoka wala kukaza haina tena mbao ya kushika.

Ukanda ukishaondolewa na lakiri ngumu kukwanguliwa, bati hutolewa na kuandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito ili lirudi mahali pake. Nyuma yake mara nyingi hukutwa sufi iliyogeuka nyeusi na kubanana, na mbao zinazovunjika kwa vidole katika vipande vidogo vya mraba, alama ya ule uozo wa kahawia unaokula mbao laini. Sufi iliyolowa hutupwa. Mbao hukatwa hadi kufikia sehemu iliyo nzima, na si mahali uozo unapoishia kuonekana tu, kisha kipande kipya cha unene uleule huunganishwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Mbao za zamani zinazobaki huachwa zikauke kabisa kwa feni, na hupakwa dawa ya borati inayozuia fangasi kurudi.

Mafundi hufungua upande mmoja kwa wakati. Bati na plaiwudi ndivyo vinavyoipa kempa ugumu wake; zikivuliwa kuta zote kwa pamoja, fremu hupinda, na bati likirudishwa matundu hayaoani tena. Kabla ya kila ukuta kufunguliwa, ndani huwekwa mihimili ya muda ya kuushikilia.

Kuziba na kuhami

Ukuta uliofungwa upya huzibwa kwa tabaka mbili. Chini ya kila ukanda wa pembe, kila fremu ya dirisha na kila taa hulazwa utepe wa butili, mpira laini unaonata na kubaki laini kwa miaka mingi, ukifuata mtikisiko wa gari bila kupasuka. Juu ya paa, mahali pa maungio na matundu ya hewa, humiminwa lakiri inayojitandaza yenyewe. Silikoni ya kawaida ya bafuni huepukwa: ikishakaa kwenye alumini huacha mafuta ambayo lakiri nyingine haishiki juu yake, na fundi wa baadaye hulazimika kuikwangua yote. Kabla ya plaiwudi ya ndani kurudishwa, mtu mmoja huumwagia ukuta maji ya mpira kwa nje, kutoka chini kwenda juu, na mwingine hukaa ndani na tochi. Tone likionekana leo ni kazi ya dakika chache. Likifichwa nyuma ya plaiwudi, ni ule ufa usiozibwa ambao wahenga walisema humjengesha mtu ukuta.

Wakati ukuta uko wazi ndipo pa kubadilisha kihami. Bodi za povu gumu huzuia joto karibu mara moja na nusu kuliko sufi ya unene uleule, na hazinyonyi maji. Hukatwa zikajaa kati ya mbao, na nyufa za pembeni hujazwa povu la kopo. Hata hivyo mbao za fremu na fremu za madirisha ya alumini hubaki kuwa njia za baridi. Kioo kimoja chembamba hupoteza joto jingi kuliko ukuta unaokizunguka, ndiyo maana wenye kempa hukata vifuniko vya povu lenye karatasi ya kung'aa na kuvibandika madirishani. Chini ya godoro huwekwa mbao zenye nafasi kati yake, hewa ipite, la sivyo mvuke wa mwili hugeuka maji pale godoro linapokutana na plaiwudi baridi.

Gesi, joto na umeme

Gesi inayofaa kwa baridi ni propeni. Huchemka katika nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo huendelea kutoka kwenye mtungi hata katika baridi kali ya kawaida ya Kanada. Buteni huchemka karibu na nyuzi sifuri zenyewe. Mtungi wake ukibaki nje kwenye theluji, jiko halitawaka. Mipira ya zamani na regyuleta hubadilishwa bila kujadili, na kila kiungo hupakwa maji ya sabuni na kuangaliwa kama kinatoa mapovu. Nchini Kanada mtungi wa propeni hutakiwa kupimwa upya kila baada ya miaka 10, na mtungi uliopitwa na tarehe haujazwi kituoni. Kazi ya mabomba yenyewe huachiwa fundi wa gesi mwenye leseni.

Njia salama ya kupasha joto ni hita yenye bomba mbili: moja huvuta kutoka nje hewa ya kuuwakisha moto na nyingine hutoa moshi nje, hivyo hewa ya chumbani haichanganyiki na moto. Hita ndogo za dizeli hufuata kanuni hiyohiyo. Jiko la kupikia na hita zisizo na bomba hula oksijeni ya chumbani na kurudisha mvuke humohumo. Kila kilo 1 ya propeni inayoungua huzaa takriban kilo 1.6 za maji, yaani zaidi ya lita moja na nusu. Maji hayo huenda moja kwa moja kwenye vioo na kuta baridi.

Hatari kubwa zaidi ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayozuka moto unapokosa hewa ya kutosha. Inaua watu wakiwa usingizini au wakidhani wamechoka tu. Kempa yoyote inayowashwa moto ndani huwekwa king'ora cha kaboni monoksidi, na kingine cha gesi ya kupikia karibu na sakafu, kwa sababu propeni ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu na hutambaa chini. Vyote viwili vina tarehe ya mwisho iliyochapwa mgongoni.

Umeme wa kempa ni wa volti 12. Waya za zamani zilizounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa selotepu huondolewa, kila njia huwekewa fyuzi yake, na taa hubadilishwa kuwa za LED ambazo hula umeme kidogo. Betri huchaguliwa kwa kufikiria baridi. Betri ya risasi na asidi iliyojaa haigandi kirahisi, lakini iliyokwisha chaji inaweza kuganda na kupasuka katika takriban nyuzi 10 chini ya sifuri. Na katika nyuzi 18 chini ya sifuri, hata iliyojaa hutoa karibu nusu tu ya uwezo wake. Betri za lithiamu ni nyepesi na hutoa umeme vizuri, ila hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo huwekwa ndani ya chumba na si nje.

Uzito na kukaza

Kempa ya zamani hufikia kilo 500 hadi 1,000 ikiwa tupu, na kila lita ya maji huongeza kilo moja. Pikapu nazo zina kikomo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Njia ya kujua ukweli ni kupita kwenye mizani na kempa, watu, mafuta na mizigo vikiwa ndani, kisha kulinganisha namba hiyo na kibandiko. Matengenezo huongeza uzito polepole: plaiwudi nene zaidi, betri ya pili, kabati jipya.

Mahali uzito unapokaa ni muhimu kama wingi wake. Kitovu cha uzito wa kempa kinapaswa kuwa mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Kikivuka nyuma yake, magurudumu ya mbele hupungukiwa uzito, na usukani huwa mwepesi hasa pale barabara inapoteleza. Chini ya kempa huwekwa mkeka wa mpira isiteleze, na pembe nne hukazwa kwenye fremu ya gari kwa minyororo yenye skrubu za kukazia. Skrubu hizo hukaguliwa baada ya kilomita chache za kwanza, kwa kuwa kempa iliyotulia kwenye mkeka huzilegeza.

Kwa nini safari za siku moja

Wapo wanaolala ndani ya kempa katika nyuzi 30 chini ya sifuri, lakini kwa kempa kuukuu safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo ina faida kubwa. Mfumo wa maji hauhitajiki. Mabombani hupitishwa kizuia kuganda cha waridi kilichotengenezwa kwa propilini glaikoli, kisicho na sumu kali kama kile cha injini, na mfumo hubaki umelala mpaka majira ya kuchipua. Maji yanapoganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na bomba lililosahauliwa na maji ndani yake hupasuka mahali pasipoonekana. Kwa siku moja galoni moja au mbili za maji ya kunywa zinatosha, zikisafirishwa kabini penye joto. Hita huwashwa saa chache badala ya usiku kucha, na mvuke wa pumzi za watu waliolala haukusanyiki kutani.

Mkoa wa Alberta, magharibi mwa Kanada, unaonyesha vizuri safari hizi zilivyo. Jiji la Calgary liko kwenye nyanda, na Milima ya Rocky huonekana kutoka humo. Mji wa Banff uko takriban kilomita 130 magharibi. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa 2:30 asubuhi na kuzama karibu saa 10:30 jioni, kwa hiyo mpango wa siku hujengwa juu ya saa 8 za mwanga. Asubuhi yake huanza usiku uliotangulia: waya unaoning'inia mbele ya boneti huchomekwa kwenye umeme wa nyumba ili hita ya injini ifanye kazi saa chache kabla ya kuondoka, na betri ya kempa huchajiwa ijae.

Safari fupi zinazofaa ni nyingi. Drumheller, kaskazini-mashariki mwa Calgary, ina mabonde ya udongo wenye matabaka na Jumba la Makumbusho la Royal Tyrrell lililofunguliwa mwaka 1985, lenye mifupa ya dinosaria; hapo barabara ni tambarare na panafaa kwa safari ya kwanza ya majaribio. Kananaskis, kwenye vilima vya chini vya Rocky, hutaka kibali cha gari, na sehemu ya Barabara Kuu ya 40 inayopanda hadi mwanya wa milimani wa Highwood wenye mwinuko wa mita 2,206 hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi Juni 14. Kondoo wa milimani hushuka kulamba chumvi iliyomwagwa barabarani, na hawapishi gari.

Ziwa Abraham, lililotokea mwaka 1972 baada ya Mto North Saskatchewan kuzuiwa na bwawa la Bighorn, huvutia wapiga picha. Mimea inayooza chini ya ziwa hutoa methani. Mapovu yake hupanda, hukutana na barafu inayojengeka, na kunaswa tabaka juu ya tabaka. Upepo mkali hufagia theluji, na barafu hubaki wazi. Upepo huohuo hulifanya kuwa mahali ambapo kempa yenye joto huthaminiwa: watu hukaa nje dakika ishirini na kurudi kunywa chai. Barafu yake si ya kuaminiwa kila mahali, kwa sababu kina cha maji hushuka wakati wa baridi na kuiacha ikining'inia juu ya utupu.

Barabara ya Icefields, yenye kilomita 232 kati ya Lake Louise na Jasper, hutaka tairi za theluji kisheria kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31. Katikati yake hakuna mafuta wakati wa baridi, simu hazishiki mtandao sehemu kubwa, na barabara hufungwa pale hatari ya maporomoko ya theluji inapopanda. Dereva huangalia taarifa za barabara asubuhi, hujaza tangi, na humwambia mtu wa nyumbani saa anayotarajiwa kurudi.

Barabarani

Tairi za theluji zenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji hubaki laini katika baridi, wakati mpira wa tairi za kiangazi hukakamaa. Upepo ndani ya tairi hupungua kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazoshuka, jambo lenye uzito kwa tairi za nyuma zinazobeba tani nzima ya kempa; hupimwa asubuhi zikiwa baridi. Theluji juu ya paa husafishwa kabla ya kuondoka. Sentimita 20 za theluji nyepesi kwenye paa la mita 10 za mraba zinaweza kufikia kilo 200, na breki ya kwanza huweza kuzimwaga zote kwenye kioo cha mbele.

Pikapu yenye kempa ni ndefu kwenda juu na huyumbishwa na upepo wa ubavuni. Kusini mwa Alberta huvuma chinook, upepo wa joto na mkavu kutoka milimani, unaoweza kupandisha halijoto kwa nyuzi 20 katika saa chache. Mchana theluji huyeyuka na lami kulowa. Jua likizama, maji yale hugeuka barafu nyembamba isiyoonekana. Dereva hupunguza mwendo, huacha nafasi kubwa mbele, hutumia gia kushuka mteremko na huzima mfumo wa kushikilia mwendo. Abiria wote hukaa kabini, na valvu ya mtungi wa gesi hufungwa gari linapokwenda. Nyuma ya kiti huwekwa sepetu, mfuko wa mchanga, blanketi, chakula, tochi na waya za kushtua betri. Hivi haviwekwi ndani ya kempa, kwa kuwa mlango wake unaweza kuganda.

Ndani ya kempa iliyosimama

Gari likisimama, mambo hufuata mpangilio. Viatu vyenye theluji huvuliwa mlangoni na kuwekwa kwenye trei, kwa sababu kila donge la theluji linaloyeyukia sakafuni huongeza unyevu. Valvu ya gesi hufunguliwa, hita huwashwa, na kabla birika halijatengwa jikoni, tundu la paa hufunguliwa kidogo na dirisha moja la chini huachwa na ufa wa vidole viwili. Hewa baridi huingia chini, yenye mvuke hutoka juu. Wageni huona ni kupoteza joto; ila hewa ya baridi kali ina maji kidogo sana, na ikishapata joto hunyonya unyevu wa chumbani na kuondoka nao. Kempa iliyofungwa kabisa huanza kutiririsha maji viooni kabla chai haijachemka.

Mapishi hufuata mantiki hiyohiyo. Mchuzi au supu hupikwa nyumbani na kupashwa tu njiani, sufuria likifunikwa. Kuchemsha maharage kwa saa mbili ndani ya chumba cha mita chache za ujazo ni kuyapika na plaiwudi ya dari. Chupa za chai huandaliwa asubuhi. Jiko halitumiki kamwe kama hita.

Baada ya kurudi

Kazi ya mwisho ya siku ni kukausha. Mto, godoro na mazulia hutolewa, milango ya kabati huachwa wazi, na hita ndogo ya umeme au mashine ya kunyonya unyevu huwashwa kwa saa chache. Chumvi ya barabarani huoshwa mara siku ya joto inapopatikana, kwani maji ya chumvi yakikaa kati ya skrubu za chuma na bati la alumini huitafuna alumini kwanza. Kona zilizofunguliwa na kufungwa upya hupimwa kwa kipimo kilekile cha unyevu na namba zake huandikwa. Kona inayosoma 13 mwezi baada ya mwezi imetengenezwa vizuri. Ikipanda kutoka 13 hadi 19, lakiri ya mahali fulani imeachia, na hufunguliwa kabla haijafika 20.

Kempa isiyotumika huegeshwa ikiwa imeinama kidogo mbele au nyuma ili maji yasituame juu ya paa, na haifunikwi turubai la plastiki lisilopumua, maana hufungia unyevu ndani. Paa hukaguliwa mara mbili kwa mwaka, kabla ya theluji na baada yake.